Droo ya Tatu, Kushoto

Shangazi Numbi anasema ni mbao ya Ulaya.
Anasema *shene*, kwa sauti ileile anayoitikia misa,
na kwamba ilipanda meli, ikashuka treni,
ikaingia nyumba ya mhasibu mmoja wa kizungu karibu na stesheni,
na mhasibu alipokimbia, mwaka wa sitini,
alimwachia marehemu Banza funguo, mbwa, na komodi hii.
Mbwa alikufa.
Funguo hazikuwahi kufungua kitu.

Mimi nimeitwa kukaza droo, si kuandika historia.
Lakini mwanawe aliyeko Kolwezi amepata mnunuzi,
na mnunuzi anauliza mawili:
ina miaka mingapi, na ni mti gani?

Basi naivua nguo. Uani, Katuba, jua la Septemba,
vumbi jekundu linasubiri kulamba vanishi.
Juu, rangi ya maziwa. Chini yake, kijani ya hospitali.
Chini ya kijani, weusi kama sufuria ya msiba.
Nakwangua kwa kigae cha chupa
mpaka unga wa hudhurungi unanijaa puani, mtamu, mkavu.
Vishikio ni shaba, lakini hiyo si ushahidi:
mji huu hata pazia huning'inia kwenye shaba.

Natia maranda mawili katika bilauri ya maji,
nangoja muda wa kumaliza sigara,
kisha naiinua juani:
maji yameshika buluu pembeni,
buluu ya mafuta ya taa, ya jicho la nzi.
Aliyenifundisha randa alikuwa mlevi, ila hili hakukosea:
mti unaopaka maji buluu haujawahi kuona theluji.
Mulombwa.
Ndugu zake wanapita hapa kila asubuhi
juu ya baiskeli, ndani ya magunia, makala.

Miaka ni kazi nyingine. Ubao hauna meno ya kuhesabu.
Mgongo ni plaiwudi ya juzi, misumari bado inacheka; naufuta.
Skrubu zina mfereji mmoja. Pembe zimeumana kwa mikia,
na mikia haifanani, mmoja mnene, mmoja mwembamba,
wa tatu umeteleza ukazibwa kwa gundi na unga:
mkono, tena mkono wenye haraka.
Sakafu ya droo ya juu ni ubao wa kreti.
Wino umebaki herufi tano, ABETH,
kipande cha jina ambalo mji ulilivua kabla sijazaliwa.

Droo ya tatu ndiyo inayokwama.
Naigeuza. Penseli, herufi za shule ya misheni,
kila moja imesimama kama inakaguliwa:

*Mwape. Ya tatu, kushoto.*
*Banza bado faranga 140.*

Faranga. Si zaire.
Hapo hesabu inajifunga yenyewe:
sitini na kidogo, sabini haijafika,
na haikupanda meli yoyote.

Namsomea Shangazi. Anaacha kuchambua lengalenga.
Midomo inatembea bila sauti. Kisha:
“Mwape. Mwembamba, ana kovu hapa.
Alikuja kila Jumamosi, anakaa pale, hasemi.
Banza ananiambia ni mtu wa mhasibu, mheshimu.
Mwaka mzima nimempikia bukari yule mtu!
Na samaki!”
Anacheka mpaka anashika ukuta.
Anacheka, halafu hacheki.

“Na mbwa?” nauliza.
“Mbwa alikuwa wa kweli.”

Nachukua randa. Upande wa kushoto umevimba
unene wa ukucha; mipigo minne ingetosha.
“Hapo usiguse,” anasema.
“Itaendelea kukwama, Shangazi, hasa mvua ikianza.”
“Imekwama tangu niolewe.”

Napaka nta pande zote, ile naiacha.
Ndani, simu inaita, Kolwezi,
inaita, inanyamaza, inaita tena.
Yeye amerudi kwenye lengalenga,
anatenga majani na mabua,
na midomo yake, naona, inahesabu:
Jumamosi ngapi,
sahani ngapi,
kwa faranga mia na arobaini.