Kamba za Barabarani

Upepo ukizidi, hapa Punta Arenas
manispaa hufunga kamba
toka nguzo hii hadi nguzo ile
watu wazima washike, wavuke,
kofia zikiwatangulia.
Nimezaliwa hapa. Sijawahi kuishika.
Baba alisema kamba ni za wageni.

Mtoto ana wiki saba. Tumemwita Tonka.
Kila Alhamisi mkunga Eufemia hupanda ngazi
na mzani kwenye mfuko wa ngozi ya kondoo,
lakini haanzi na mzani.
Huketi jikoni, huvua glavu kidole kwa kidole,
humwuliza Nerea: umelala? umekula? umelia?
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.
Nerea hujibu kama bomba lililoganda:
kwanza kikohozi,
kisha maji ya kutu,
kisha maji.

Mimi huosha chupa.
Huosha chupa iliyokwisha kuoshwa.

Alhamisi moja akanigeukia.
"Na wewe, Radomiro?"
Nikasema, mimi sikuzaa.
Nikasema kiwandani kaa ni wengi msimu huu.
Nikasema, huu upepo.
Akangoja.
Wako wangojao kama wanaosubiri basi;
yeye alingoja kama aliyeinjika birika
na anajua moto upo.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Wangu nao nikauita usufi,
mgongo ukipinda.

Basi nikasema.
Kwamba saa nane za usiku Tonka akilia
nasimama mlangoni na mikono hii
inayovunja miguu ya kaa kutwa nzima
nami naiogopa.
Kwamba mara mbili, baada ya zamu,
niliipita nyumba yetu, taa ikiwaka,
nikaendesha hadi lami ilipokwisha,
nikazima injini,
nikauonea ule ukimya tamaa.
Kwamba nampenda. Najua nampenda
kama unavyojua kuna mtu chumba cha pili:
humwoni,
wasikia tu sakafu.

Nerea alikuwa amesimama, mtoto begani.
Nilijua atalia, au atanifukuza.
Akasema, "Mara mbili?
Mimi nilihesabu tatu."

Eufemia hakusema jikaze.
Neno hilo nimelishwa tangu sijaota meno.
Alitoa fomu, ileile aliyojaza Nerea,
na kalamu yenye nembo ya duka la rangi.
Swali moja liliuliza kama najilaumu bila sababu.
Nikauliza, na kama sababu ipo?
"Andika pembeni," akasema. "Nafasi ipo."
Niliandika hadi nyuma ya karatasi.
Ndipo akampima mtoto.
Gramu mia mbili kuzidi wiki iliyopita.
Nilishangaa: kumbe mtu hukua
hata wakati huu.

Siku hizi Jumatatu usiku naenda
kwenye chumba nyuma ya kituo cha zimamoto.
Tuko wanaume sita na mwanasaikolojia mmoja kijana
ambaye viatu vyake hulia akitembea.
Mara nyingine nusu saa inapita
tukizungumzia mpira na bei ya gesi.
Mara nyingine Bahamonde, dereva wa lori, anasema:
"Mimi hulilia kwenye pampu ya dizeli.
Ile kelele inasaidia."
Tunacheka. Halafu hatucheki.
Sijapona. Sijui kama ni neno lenyewe.
Jana nilimwogesha Tonka peke yangu,
Nerea akiwa amelala fofofo,
na sikuhesabu dakika, isipokuwa mwishoni.

Leo upepo umezidi.
Nimemfunga mtoto kifuani, ndani ya koti,
tunakwenda kliniki.
Ng'ambo ya barabara namwona baba
akiwa na mfuko wa mikate, amesimama wima,
hajashika kitu.
Nami nimeshika kamba.
Imelowa, inakwaruza, ni baridi kuliko nilivyodhani.
Baba anapaza sauti, upepo unachukua maneno,
sijui ananicheka au ananiita.
Mkono kwa mkono naisogelea nguzo ya pili.
Chini ya koti, kuna mtu amekamata kifungo changu
na hakiachii.