Shuka Juu ya Chuma

Kiswahili chetu kimekiita kifaru,
kisha kikakivua uhai kwa kiambishi:
si huyu, ni hiki.
Hakinywi maji, hakina ndama.
Na hiki cha Ghislain Lambinet, kilichomo bado ndani ya boksi,
kimebebeshwa mnyama wa pili juu ya wa kwanza: Simbamarara.
Vipande mia tatu na sitini, havijakatwa kwenye fremu zake.

Kamati ya maonyesho ndiyo iliyoagiza.
"Watoto wanampenda Simbamarara," alisema katibu.
"Mweke akibomoa ile nyumba ya kona."
Lakini Ghislain alipeleka barua miaka thelathini na mmoja
katika bonde la Ourthe, theluji ikimfika magotini,
na hajui kufikisha kitu kwenye anwani isiyo yake.

Akafungua daftari, akapiga hesabu.
Daraja la mbao chini ya kijiji lilihimili tani thelathini na tano;
Simbamarara ana hamsini na saba.
Angepita wapi, angani?
Akafuta. Akaandika: Panza Nne,
magurudumu manane madogo kila upande.
Akakesha na kibano na miwani miwili,
akibishana na picha moja yenye ukungu:
huu ni mkebe wa petroli, au ndoo ya mtu?
Hata theluji. Tarehe kumi na sita Desemba
hapa palikuwa na matope tu.
Alikuwa ameshanyunyiza unga mweupe;
akaufagia wote kwa brashi ya kunyolea.

Jumanne akaenda kwa Odile Grandhenry.
Nyumba ya kona ilikuwa kwao.
Wakati ule alikuwa na miaka saba; siku hizi
anatia sukari kwenye kahawa, anasahau, anatia tena.
Akakipindua kile kidude kiganjani kama anayekagua yai.
"Sicho."
"Magurudumu ni manane, Madamu, nimehakiki..."
"Sicho. Wajerumani walipita wakaenda zao.
Waliiba nguruwe, ukuta wakauacha.
Kilichobomoa kilikuwa cha wetu."

Akatia sukari.

"Januari. Vijana, pua nyekundu, wanacheka ovyo.
Wakaomba vitambaa vyeupe wafunikie chuma.
Mama akatoa shuka la harusi yake,
lenye herufi zake mbili kwenye pindo, uzi mwekundu.
Wakalifunga kwa kamba juu ya mnara wa mzinga.
Usiku kikarudi kinyumenyume, dereva haoni,
kikaingia jikoni.
Bibi alikuwa jikoni."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Methali haikusema mgeni atageuzaje gizani.

Ghislain hakumuuliza kama ana hakika.
Aliuliza: mnara ulikuwa wa mviringo, au wenye pembe?
Ile nyota ilionekana, au shuka liliifunika?
Kamba ya katani, au waya?
Huo ndio upole anaoujua.
Naye Odile akajibu yote, mbiombio,
kama mtu aliyengoja miaka themanini aulizwe kuhusu kamba.

Nyumbani akakata leso. Nene mno:
katika skeli ya moja kwa thelathini na tano
kila uzi ni nanga.
Akajaribu karatasi ya sigara, akailowesha kwa maji na gundi,
ikalala juu ya Sherman kama utando juu ya maziwa.
Kwa brashi ya unywele mmoja akaandika herufi mbili nyekundu
ambazo hakuna mtoto atakayeziona.

Katibu atanuna.
Simbamarara arudishwe dukani, risiti ipo.

Jikoni hakuweka mtu.
Aliweka sufuria,
akaiondoa,
akaiweka tena, karibu zaidi na mlango.