Hesabu za Olwande

Olwande mwanangu, leo sikusemeshi, nakuandikia,
kwa kuwa karatasi haikutazami usoni
nawe hulazimiki kuitazama.
Soma polepole. Soma mara tatu, kama kawaida yako.

Najua Jumatano ulipanda ngazi za ile ofisi ya Milimani
na shati nililoling'oa lebo ya shingoni,
na yule bwana akakuuliza, "Mbona hunitazami?"
Ukamjibu ukweli: feni yako ina mapanga matatu, moja limelegea.
Akacheka. Akasema watakupigia.
Hiyo ni ya sita. Unazo zote daftarini, na tarehe, na saa,
na kama chai ilitolewa.
(Feni ikianguka, watakukumbuka.)

Nisamehe jambo moja.
Ulipokuwa na miaka tisa nilikupeleka mbele ya kanisa, Kondele,
watu wanane wakakuwekea mikono wakiamuru kitu kitoke.
Ukaziba masikio. Wakasema, "Oneni, linapigana!"
Hapakuwa na kitu cha kutoka, baba.
Ulikuwa wewe tu, na spika.
Neno usonji nilipewa baadaye na muuguzi wa Russia,
kwenye kipande cha karatasi,
nikalificha kwenye pochi miaka miwili.

Sasa nisikie.
Wewe unakipenda kile kitabu cha nne
ambacho wahubiri hukiruka kama dimbwi:
makabila, mahema, vichwa, maelfu na mamia.
Uliniuliza mbona Mungu alitaka wahesabiwe, tena kwa majina.
Nikasema sijui.
Nimeliwaza wiki nzima nikichambua omena.
Labda ni kwa sababu apendaye huhesabu.
Mimi nilihesabu vidole vyako usiku uliozaliwa, mara mbili.
Na yule mchungaji mwenye kondoo mia,
alijuaje kuwa mmoja hayupo?
Hakuoteshwa. Alihesabu.

Basi wakikucheka kwa kuhesabu vigae,
nguzo za stima, mbegu za papai,
ujue umerithi tabia moja ya Baba yako,
na Yeye hakuna aliyewahi kumwambia aache.

Bi. Akeyo wa vipuri, pale nyuma ya Kibuye,
amesema uje Jumatatu. Wiki mbili za majaribio.
Si huruma. Nilimwuliza, maana huruma haina mshahara.
Ana ndoo kumi na moja za bolti na nati
zilizochanganyika tangu mafuriko,
na vijana watatu wamezishindwa.
Grainda huwashwa saa nne: beba vifunika masikio.
Ukizidiwa, toka, simama kivulini mwa tangi, kisha rudi.
Kutoka si kushindwa.
Hata Bwana aliuacha umati akapanda mlimani peke yake,
wala hatusemi alikuwa na kasoro.

Huenda wiki mbili zikaisha wakakuacha. Sitakudanganya.
Itakuwa ya saba daftarini,
nawe utakuwa yule yule
aliyeitwa kwa jina kabla ya ndoo, kabla ya ofisi,
kabla hata mimi sijajua kuwa nimekubeba.

Na kile chumba cha Nyalenda, chenye mlango wa buluu,
kichukue.
Maji vikombe vitatu, unga viwili, mwiko uko kwenye kapu.
Jirani akikusalimu, "Salama" inatosha;
si lazima umweleze urefu wa ukuta.
Mimi ndiye nitakayekosa usingizi, si wewe.
Naomba Mungu anipe nguvu ya kupita langoni
bila kuingia kukagua sufuria.

Usinitumie ujumbe mrefu.
Saa tatu kamili usiku piga simu,
sema, "Mama, nimefunga mlango," ukate.
Nitakuwa nimeketi kitandani, simu mapajani,
na tangu saa mbili na dakika hamsini
nami nitakuwa nahesabu.