Somo la Jasho

Sogeeni. Feni haizunguki,
na mafuta ya jenereta yamebaki ya kuhesabu.
Hapa Nansio kivuko cha mwisho kimeshaondoka,
na sukari ya mtu haisomi ratiba ya kivuko.

Hili nanasi nililinunua Jumatatu,
nikalisahau makusudi juu ya kabati.
Limechacha. Nusa, Nyanzala.
Usikunje uso, nusa.
Hiyo ndiyo pumzi ya mgonjwa
anayehema kama aliyekimbia kutoka Bugolora
ilhali amelala.
Ndugu watasema malaria. Shangazi atasema mkono wa mtu.
Wewe sema: kidole, tafadhali.

Ubavuni mwa kidole, siyo nchani.
Ncha ni ya mshona nyavu, anaihitaji kesho.
Mashine ikikataa kutoa namba,
ikatoa herufi mbili tu, basi imeshindwa kuhesabu.
Usiikimbilie insulini, Bwire. Maji kwanza,
maji ya chumvi, mshipani,
maana mwili umekauka kama dagaa wa juzi
kwenye mchanga wa Kakukuru.
Insulini itafuata, kidogo kidogo,
na potasiamu uichunge
kama maziwa jikoni: ukigeuka tu, yamemwagika.

Sasa yule mwingine.
Jasho baridi. Anatukana. Anarusha mikono.
Hamjui mwanawe aliyemleta.

Fungueni faili hili. Jina nimelifunika kwa plasta,
ingawa kisiwa ni kidogo.
Mwandiko ni wangu.
Nilikuwa kama ninyi, soksi nyeupe, kiburi cha dukani.
Walimleta jioni ya sikukuu,
shati limelowa, ulimi mzito,
nami nikanusa nilichotaka kunusa.
Soma, Ngeleja. Kwa sauti.
*Amelewa. Alale benchi la nje hadi apate fahamu.*

Alikuwa amejichoma sindano yake alfajiri,
kisha akaahirisha ugali
kwa sababu mteja alitaka baiskeli kabla ya misa.
Vijiko viwili vya sukari. Soda moja.
Vyote vilikuwa kantini,
hatua kumi na tisa kutoka lile benchi.
Nimezihesabu baadaye. Bado nazihesabu.

Hapana, hakufa.
Ningesema alikufa, somo lingekuwa fupi.
Siku za gulio anakaa mlangoni pa karakana yake,
anachukua spana,
anaigeuza,
anaiweka chini.
Nikipita ananisalimia vizuri sana,
ananiuliza kila mara mimi ni mtoto wa nani.

Basi. Mgonjwa anayemeza, mpe kitamu, umsubiri, umpime tena.
Aliyezimia usimmiminie soda mdomoni,
utamzamisha nchi kavu.
Tafuta mshipa. Ile glukosi ni nzito kama asali,
isukume polepole, mshipa usipasuke.
Akizinduka, alishwe, na usiondoke:
sukari ina tabia ya kurudi chini
kama mtu aliyesahau kofia.

Kabula, mbona unaandika tu? Weka kalamu.

Nalala mimi hapa, kwenye benchi hili.
Naam, ndilo lenyewe, nililiomba wasilitupe.
Shati langu limelowa. Nawatukana mama zenu.
Nanuka pombe, tuseme nanuka kweli,
maana mlevi naye ana sukari.

Haya.
Nani ananishika kidole?