Yatabanana

Tukuyu mvua haibishi hodi, huikuta ishaketi.
Karatasi zangu hulijua hilo kabla yangu:
asubuhi zimejikunja pembe
kama wageni wanaoona baridi na hawataki kusema.

Jumanne nilijaribu mgomba.
Nikachana ganda kavu, nikalaza nyuzi juu ya gundi ya unga wa muhogo,
juu yake Biblia ya marehemu baba na tofali mbili.
Zikashika vizuri. Kufika Alhamisi
zimeota ukungu wa kijani, laini kama kifaranga.
Nikautazama muda mrefu kabla ya kutupa;
kwa kweli hakuna rangi niliyowahi kununua Mbeya
iliyokaa namna ile.

Nikatwanga maganda ya mayai.
Lusajo akaonja, akadhani chumvi.
Nikajaribu nta ya mshumaa, ikapasuka.
Nikajaribu chai, lile vumbi la mwisho la chini ya gunia,
nikalipaka kwa mswaki uliochakaa:
ukatoka udongo, udongo kabisa,
wa shamba lililolimwa leo.
Na lile jiwe jepesi la kusugulia visigino,
nililisaga nikalitia chokaa.
Ukipitisha kiganja, unausikia mlima Rungwe
unakukwaruza kwa mbali.

«Ya nani hii?» akauliza Atuganile, mlango wa pili.
«Mbona umeacha zile za kumetameta, zinazouzika?»

Ya Bibi Tusajigwe. Anatimiza miaka themanini na kitu,
na hicho kitu hakuna anayekijua.
Mtoto wa jicho amemkalia macho yote mawili,
mtoto asiyelia wala asiyekua akaondoka.
Nimwandikie hongera kwa wino wa dhahabu?
Dhahabu ataijulia wapi?

Basi nikamjengea shamba.
Nyuzi mpya, zilizokaushwa juu ya jiko, zikawa matuta.
Chai pembezoni. Mlima juu kushoto,
kwa kuwa ukisimama mlangoni kwake mlima uko kushoto.
Kisha, kwa kibano cha kunyolea nyusi,
maharage kumi na mawili,
kila moja na tone lake,
nikizuia pumzi kama fundi saa.

Jumapili akaipokea kwa mikono miwili.
Akainusa kwanza.
«Chai,» akasema. «Daraja la tatu.»
(Miaka kumi na tisa alichuma, kikapu mgongoni.)
Vidole vikashuka tutani, taratibu, kama vinapalilia,
vikihesabu kwa Kinyakyusa.
Vikasimama.

«Nani kapanda maharage karibu hivi?
Yatabanana.»

Akabandua moja kwa ukucha. Akaruka nafasi.
Akabandua jingine.
Nilitaka kusema, Bibi, hiyo kazi ya siku tatu.
Matano akayafunga fundo kwenye pindo la khanga,
akailaza kadi magotini, akaipapasa upya:
«Haya. Sasa yanapumua.»

Pale yalipotoka pamebaki vikombe vya gundi,
vidogo, kingo nyembamba,
kila kimoja kimeshika umbo la tumbo la haragwe.
Nilivigusa alipopitiwa na usingizi.
Nilivigusa mara nyingi.

Leo ni Jumatano. Bado inanyesha.
Nina kilo nzima mezani na karatasi zilizojikunja.
Nabandika, nasubiri, nabandua.
Hayatoki vile.