Pezi la Tatu

Sanduku lilikaa Kasumbalesa wiki sita,
likafunguliwa mara mbili, likafungwa kwa kamba ya katani.
Lilipofika kwetu Katuba
ndani mlikuwa na bomba la kadibodi, nene kama paja la mtoto,
pua ya plastiki, parashuti ya rangi ya chungwa,
mapezi mawili mazima, na la tatu limepasuka
kama sahani iliyokaliwa.

Kanuni ni fupi: anayerusha ndiye aliyejenga.
Shahidi mwenye cheti aikague, aione ikipaa,
aione ikifungua, aishike ikiwa nzima.
Kisha atie saini,
nawe utauziwa injini kubwa zaidi.

Pezi la tatu nilichonga katika mlango wa kabati,
plaiwudi ya zamani, pale mama anapoficha sukari.
Sisimizi walilifuata mpaka mezani.
Msasa namba themanini, kisha mia mbili na ishirini,
kisha kidole, maana kidole hakidanganywi.

Umeme ulikatika gundi ikiwa imeshachanganywa.
Dakika thelathini, haingoji mtu.
Baba alinishikia tochi ya simu,
baba wa karakana ya reli, ambaye nyundo zilimla masikio.
Nilipofika kwenye pembe, pezi linapokutana na bomba,
alinyoosha kidole gumba ailainishe.
Baba, kanuni.
Akakirudisha mfukoni.

Uzito utangulie upepo,
walau kwa upana wa bomba moja.
Nililiandika kwa chaki ukutani.
Mama alidhani ni mstari wa Biblia,
Jumapili akaniuliza sura ya ngapi.

Kizuizini, njia ya Kipushi, askari aliligonga bomba kwa kucha.
Barua ilikuwa na mihuri minne. Hakuisoma.
“Ile inapigaka wapi?”
“Inapigaka juu, shefu. Kisha inarudia.”
Alitazama juu kwa muda mrefu
kama mtu anayetafuta nani anaishi huko.

Agosti, dembo limechomwa, majivu mpaka vifundoni.
Bwana Sikazwe alikuwa ametoka Ndola usiku,
kofia ya sufu, kalamu moja mfuko wa shati.
Aliyavuta mapezi, moja moja, kama daktari wa meno.
Kwenye la tatu akanusa.
“Sukari?”
Sikujibu.

Watoto wa shamba la jirani walihesabu kwa Kifaransa, kinyumenyume,
wakafika sifuri.
Kimya.
Dakika moja nzima kwa saa ya Bwana Sikazwe,
kisha nikaenda, magoti si yangu,
nikakaza waya uliolegea.

Mara ya pili hawakumaliza kuhesabu.
Sitasema ilipaa.
Ilikuwa hapa, kisha hapa pakawa patupu,
na mlio ukaja nyuma yake, umechelewa,
ukiulizia njia.
Baba aliweka kiganja kifuani.
“Nimeisikia,” alisema.
Miaka kumi na moja sijamsikia akisema hivyo.

Chungwa likachanua kule juu, dogo.
Upepo wa Agosti ukalichukua, tukalikimbilia,
nalo, katika dembo lote lile laini,
likachagua kichuguu, kirefu kama nyumba, kigumu kama saruji.

Pezi la tatu halikutikisika.
Ni la kwanza, la kiwandani,
lililokuwa na ufa shinani, mwembamba kama unywele.
Bwana Sikazwe alilisukuma kwa ukucha. Tk.
Akatoa kalamu.
“Nikikupa injini nyingine sasa hivi, utairusha hivi ilivyo?”

Nilimtazama baba. Baba alitazama kichuguu.
“Hapana.”
“Basi umejibu wewe.”
Kalamu ikarudi mfukoni.

Tulirudi nayo magotini, inanuka baruti na majivu.
Kizuizini yule askari alichungulia dirishani,
akaona imerudi kweli,
akatupisha bila kuomba kitu.

Kabati lile lina milango miwili.
Nilipoingia jikoni na rula,
mama alikuwa ameshahamisha sukari.