Bei ya Mwisho, Barabara ya Narborough

Chumba cha juu cha maktaba, Leicester, saa moja usiku,
mabomba ya hita yanagonga kama mwenye deni.
Bi Pickering akaandika ubaoni: mstari wa chini.
Nikachungulia chini ya mstari.
Hapakuwa na kitu.
"Ndipo hapo hapo," akasema.

Jumanne ile tulisoma mstari wa kufa,
na hakuna aliyekufa;
kukutana nusu njia,
na hakuna aliyenyanyuka kitini;
kuliweka jambo mezani,
ambalo huku maana yake tulijadili
na ng'ambo kwa Wamarekani, tuliweke kando.
Meza moja, lugha moja, bahari katikati.
Zbigniew, fundi bomba, jirani yangu wa dawati,
aliandika kwa kalamu mbili. Nyekundu ya hatari.

Kwa heshima zote: jiandae kutukanwa.
Ninakusikia: hatakupa.
Inavutia sana: kusanya sampuli zako.
Acha nilale nalo kwanza: usikae na simu mkononi.

Nilikariri nikipiga deki hospitalini,
kila ngazi na neno lake,
hadi wodi ya mifupa, nikaiambia ndoo:
hiyo ndiyo ofa yangu ya mwisho.
Ndoo haikujibu. Nikahesabu ushindi.

Nilikitaka kile kijiduka, upana wa kanga mbili,
kioo kimepasuka pembeni,
harufu ya poda ya kinyozi aliyehama.
Cherehani yangu ingekaa dirishani.
Kodi: pauni mia saba na arobaini kwa mwezi.
Mimi nilikuwa na mia sita
na maneno thelathini na mawili.

Akaja mwenye nyumba, Bwana Raichura,
sweta la kijivu, ufunguo kwenye kamba ya kiatu.
Nikaanza.
Nikasema soko limelegea.
Nikasema paa linavuja, nikamwonyesha linavyovuja.
Nikasema ninayo machaguo mengine
(sikuwa na hata moja)
kisha nikatoa lile la mwisho la Bi Pickering,
lisilo na tahajia:
nikanyamaza.

Mia saba, akasema.
Mvua ikahesabu.
Mia sita themanini.
Nikamtazama kinyozi asiyekuwepo kwenye kioo.
Mia sita arobaini, na sauti yake
ikaanza kukichoka Kiingereza.

Ndipo simu yangu ikalia.
"Subiri shoga, niko kwenye bei, nitakupigia."
Mzee akageuka kama aliyeitwa jina la utotoni.
"We mtoto wa wapi?"
Tanga, nikasema. Chumbageni.
"Mimi Korogwe! Baba alikuwa na duka la taa
karibu na stesheni. Haya, binti, sema basi:
bei ya mwisho?"

Ah, hapo.
Kwa Kiingereza sikuwa na mama wala mjomba,
nilikuwa mtu na namba yake.
Kwa Kiswahili nikakumbuka sijamwamkia.
Shikamoo, nikasema, na goti likajikunja lenyewe,
na nani awezaye kukaza bei
huku bado ameinama?

"Marahaba, mwanangu. Mia sita hamsini,
na paa nitaziba mwenyewe."

Aliongeza kumi.
Nami nikasema ahsante.

Wiki iliyofuata Bi Pickering akauliza nani ana mfano.
Nikanyoosha mkono, nikaushusha.
Zile kumi nazilipa kila mwezi, tarehe mosi,
na daftarini sijui niziandike safu gani.
Zbigniew aliniazima kalamu nyekundu.
Nikamrudishia bila kuitumia.

Paa bado linavuja.
Kila Ijumaa mzee huja na ngazi,
huiegemeza ukutani, huomba chai,
huniuliza kama Korogwe treni bado inasimama,
huondoka na ngazi yake.
Maneno ya kumbana ninayo, thelathini na mawili,
yote ya Kiingereza.